Jinsi ya kuzifuata fedha za watoto katika bajeti ya Zanzibar

Usitafute ukurasa wa "watoto" kwenye kitabu cha bajeti, haupo. Fedha zao zimetawanyika kwenye elimu, afya, maji, ustawi wa jamii na mahakama, na kazi ya kamati ya shehia (eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar), diwani au mwandishi wa habari ni kuzikusanya.

Msingi wa madai ni Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kifungu cha 4 cha Mkataba kinaitaka serikali itekeleze haki za kiuchumi na kijamii za mtoto kwa kiwango cha juu kabisa cha rasilimali ilizonazo. Mwaka 2016 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilifafanua, katika Maoni ya Jumla Na. 19, kwamba wajibu huo unashika hatua zote nne za bajeti: kupanga, kuidhinisha, kutekeleza na kufuatilia.

Wengi huamka hatua ya pili, hotuba za mawaziri zinaposomwa Baraza la Wawakilishi mwezi wa Mei na Juni. Hapo chungu kimeshaepuliwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini wizara hupewa ukomo wa matumizi miezi mingi kabla, kwa hiyo hoja ya shehia iwe imefika kwa ofisa mipango wa wilaya kufikia Oktoba.

Na hoja iwe na hesabu. "Skuli yetu ina hali mbaya" haimsaidii mtu. Andika watoto ni wangapi, vyoo vingapi na vingapi vinatumika, bei ya kujenga kimoja, na gharama ya kukiendesha kila mwaka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi: jengo hujengwa kwa fedha za maendeleo, likazinduliwa, kisha hakuna fungu la maji, umeme wala mfanyakazi. Idadi ya watu chukua kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, sensa ya 2022, halafu ilinganishe na rejista za skuli na za kituo cha afya. Zikipishana, tafuta sababu. Pengine wapo watoto waliofuata wazee wao dago, yaani kambi za wavuvi, au wasiokwenda skuli kabisa. Waulizeni pia watoto wenyewe kupitia baraza lao la shehia. Wao ndio wanaojua choo kipi hakina mlango.

Jihadhari na wastani wa wilaya. Kwenye visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Tumbatu saruji hufika kwa chombo cha baharini, na bei ya darasa moja si ile ya mjini. Ukiomba fedha kwa bei ya wastani, jengo litaishia kwenye linta.

Kitabu cha bajeti kimepangwa kwa programu. Kwa kila programu inayomgusa mtoto, jaza safu nne: zilizoidhinishwa mwaka jana, zilizoingizwa (yaani zilizotolewa kweli), zilizotumika, na zinazoombwa sasa. Tenga mishahara na matumizi mengineyo, na kwenye maendeleo tenga fedha za Serikali na za wahisani. Huduma ya hifadhi ya mtoto inayoendeshwa na mhisani peke yake hufungwa siku mradi unapofungwa. Programu ya wote, kama maji, usiihesabu nzima. Chukua sehemu ya watoto kati ya wanaohudumiwa, na uandike uwiano ulioutumia ili mwenzako aweze kuukagua.

Sasa pima ongezeko. Tuseme fungu limetoka shilingi milioni 400 hadi milioni 420: asilimia 5, na watu watapiga makofi. Lakini kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Zanzibar waliongezeka kwa takriban asilimia 3.7 kila mwaka. Bei nazo tuseme zimepanda asilimia 4. Gawa 1.05 kwa 1.037, kisha kwa 1.04: unapata 0.974. Kila mtoto kapunguziwa karibu asilimia 2.6.

Bajeti ikishapita, kazi haijaisha. Omba taarifa ya kila robo mwaka na uangalie fedha zilizoingizwa, na lini. Fungu linaloingizwa lote Juni hutumika kwa semina na manunuzi ya haraka kwa sababu mwaka unafungwa. Mwakilishi wako anaweza kuuliza kwa kutumia jedwali lako, nayo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu itakuonesha kama hati za malipo zipo.

Viashiria vichagueni kwa makini. Idadi ya semina haipimi chochote. Hata kupanda kwa kesi za udhalilishaji zinazoripotiwa kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliodhalilishwa, kunaweza kuwa ni dalili njema, kwamba watu wameacha kufanya suluhu majumbani. Pimeni muda badala yake: tarehe ya kuripotiwa, ya kufunguliwa jalada Polisi, ya kufika mahakamani, ya hukumu. Pengo refu kuliko yote litaonesha fungu lipi la kuombea fedha mwakani. Majina ya watoto yasiingie kwenye jedwali. Na katika shehia ndogo, hata umri na kijiji vikiandikwa pamoja vinatosha kumtambulisha mtoto, kwa hiyo jumlisheni takwimu kwa wilaya kabla ya kuzitoa.