Mforosadi mfupi wa nyumbani: mche, pingili na mkasi

Habari za Jumapili, wanabustani. Mche wangu wa kwanza niliuziwa kwa jina la "mforosadi mfupi". Mwaka wa pili ulikuwa umelipita paa la banda la kuku. Kumbe haukuwa mfupi, ulikuwa mchanga tu! Mforosadi wa kawaida ukiachiwa unafika mita 10 na kuzidi.

Aina fupi kwa kuzaliwa zipo. Charlotte Russe, iliyozalishwa Japani na kutangazwa mmea wa mwaka kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea, Uingereza, mwaka 2017, inaishia kama mita moja na nusu. Gerardi ya Marekani nayo ni fupi. Lakini vitaluni kwetu mara nyingi utapewa mforosadi wa kawaida, ndugu ya ule wa kulishia viwavi wa hariri. Usisikitike. Huo nao unaweza kuuweka kimo cha mtu mzima, kwa mkasi.

1. Kuchagua. Usinunue jina. Omba uoneshwe mti mama, na uwe na matunda. Kisha tazama shina: majani yakikaribiana sana, kama vidole viwili hivi, mti huo ni mfupi kwa kuzaliwa. Mche wa mbegu achana nao. Utasubiri miaka, na huenda ukawa dume usizae kabisa. Wa pingili, yaani kipande cha tawi kilichopandwa, unaweza kukupa matunda mwaka huohuo.

2. Pingili. Kata tawi la kahawia lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, lenye macho (sehemu za kuchipulia) matatu au manne. Chini kata mshazari ili usije ukalipanda kichwa chini. Fukia macho mawili kwenye kiriba (mfuko wa miche), weka kivulini, udongo usikauke. Majani yatatoka mapema, lakini mizizi bado, kwa hiyo usivute kuchungulia! Subiri miezi miwili.

3. Mahali. Jua kwa muda wa saa sita kila siku. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Kaa mbali na bomba la majitaka, na mbali zaidi na kamba ya nguo.

4. Kupogoa. Hapa ndipo wengi wanapoogopa. Mche ukifika kiunoni, kata kichwa, bakiza matawi matatu au manne yaliyotazama pande tofauti. Baada ya kila mavuno, kata kila tawi nusu, kisha nyofoa majani yote yaliyobaki. Jirani atadhani umeuua. Mforosadi unazaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo yale macho yakifunguka utaona jani na tunda changa vimetoka pamoja. Mwagilia vizuri na uongeze samadi wiki hiyo. Tawi usilolifikia kwa mkono, likate.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu una miaka mitatu, majani tele, tunda hata moja hakuna.*
Marahaba. Tazama maua. Ukiona vishada vinavyomwaga unga wa njano kisha vinaanguka, huyo ni dume. Ng'oa, au uache uwe chakula cha mbuzi. Kama hakuna maua kabisa, uko kivulini, au umezidisha mbolea ya urea.

*Kaka, ndege kuzumburu wanamaliza matunda kabla yangu.*
Funika kwa chandarua kuukuu. Ndiyo raha ya mti mfupi. Ila usichume mapema ukitegemea yaivie ndani, forosadi haziivi zikishachumwa.

*Chini ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka.*
Hao ni vidung'ata. Kata matawi yaliyozidiwa, mengine pulizia maji ya sabuni chini ya majani siku kadhaa mfululizo. Na sisimizi wazuie pia, maana ndio wanaowalinda.

*Naweza kuupanda kwenye ndoo? Nimepanga, sina ardhi.*
Unaweza. Ndoo ya lita 20 kuanzia, itoboe chini, baadaye uhamishie kwenye pipa lililokatwa. Siku ya kuhama utaondoka nao.

*Mwanangu amekaa chini ya mti na kanzu ya Ijumaa.*
Pole, dada. Chuma forosadi mbichi, ponda, sugua doa kabla halijakauka, kisha fua. Likikauka, hiyo sasa ni kanzu ya shambani.