Kuingiza jeni mpya kwenye bakteria, na pale inapogoma

Hii ndo njia tunayotumia kufundishia maabara: E. coli wa K-12 (wale wapole, sio wa kuhara) tunawafanya wang'ae kijani kwa jeni ya GFP (protini inayong'aa kijani) iliyotoka kwa konyeza wa baharini.

1. Tyubu mbili, zote kloridi ya kalsiamu ya baridi, ziko kwenye barafu. Kila moja weka koloni moja (kidoa cha bakteria walioota pamoja), koroga mpaka madonge yaishe.

2. Plazmidi, yaani kile kiduara cha DNA chenye GFP na kinga ya ampisilini (dawa ya kuua bakteria), weka tyubu moja TU. Ya pili ni kontroli, yaani ya kulinganishia, usiiruke hata kama vifaa vimebana. Barafu dakika 10.

3. Hapa simu weka mbali. Toa barafuni, tumbukiza maji ya nyuzi 42 sekunde 50, rudisha barafuni saa hiyo hiyo dakika 2. Ukizidisha wanakufa, ukizubaa njiani tyubu inapoa pole pole na mshtuko wenyewe unakuwa hakuna.

4. Ongeza lishe ya LB, subiri dakika 10 waanze kutengeneza kinga, halafu paka kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea) zenye ampisilini. Kama plazmidi yako ni pGLO weka na sukari ya arabinosi kwenye agari, bila hiyo jeni inalala tu na hutaona kijani. Nyuzi 37 hadi kesho, angalia kwa taa ya UV na miwani.

Sasa kusoma. Kontroli yenye ampisilini ikiota, dawa yako imekufa, mara nyingi agari ilikuwa bado ya moto sana ulipochanganya. Vikoloni vidogo kuzunguka koloni kubwa usivichote, havina plazmidi, vinaishi kwa vile jirani keshaila dawa.

Na usitegemee makubwa, seli nyingi hazipokei kitu, na waliopokea ukiwaondolea ampisilini wanaanza kuitupa plazmidi taratibu maana kuibeba ni gharama. Halafu E. coli hawezi kubandika sukari kwenye protini kama seli zetu, ndo maana insulini alitengeneza vizuri (Marekani waliiruhusu 1982) lakini EPO (homoni ya kuongeza damu) ya wagonjwa wa figo inatoka kwenye seli za hamsta, kamnyama kadogo kama panya. Muhogo nao ni habari nyingine, unahitaji Agrobacterium (bakteria anayeingiza DNA kwenye mmea) na miezi ya kukuza tishu.

Sahani zikiisha kazi zichemshe kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) au loweka jiki, ndo utupe.