Kumshirikisha Jirani Imani Yako: Mwongozo kwa Mkristo wa Sokoni na Mtaani

Soko la Owino hapa Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, limepewa jina la mtu ambaye hakuwa padri wala mhubiri wa jukwaani. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi katika kasri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, akiwasimamia vijana waliohudumu humo, na imani aliieneza akiwa kazini. Mapadri waliofika Buganda mwaka 1879 waliondoka mwezi Novemba 1882 wakaenda kusini mwa Ziwa Viktoria, nao hawakurudi hadi mwaka 1885. Katika muda huo wote waumini hawakutawanyika, bali waliongezeka, kwa sababu wale wachache waliokwisha kufundishwa waliwafundisha wenzao waliolala nao nyumba moja na kula nao sahani moja. Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga alishika nafasi yake, naye akauawa pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzake, Wakatoliki kwa Waanglikana.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sehemu yetu katika habari hiyo. Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana aliyefika mwaka 1878, alianza kwa kuwasomea watu wa kasri sehemu za Biblia zilizokuwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili, kwa maana lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuingia humo kupitia wafanyabiashara wa pwani. Waliojifunza wakaitwa kwa Kiganda abasomi, yaani wasomaji.

Ninauza nguo za mitumba katika soko hilo, na ninamwandikia Mkristo ambaye anatamani jirani yake amjue Kristo lakini hajui aanzie wapi, au alianza vibaya akakata tamaa.

Anza na watu ulio nao

Usitafute watu wapya. Chukua karatasi uandike majina matano ya watu unaoonana nao kila juma bila kupanga: mwenye meza iliyo mkabala na yako, kijana wa bodaboda anayekubeba asubuhi, mpangaji mwenzako mnayechangia bomba la maji, shemeji yako, mwenzako katika kikundi cha kuweka akiba. Andrea, alipokutana na Yesu, alianza kwa kumtafuta Simoni ndugu yake; naye Filipo alimwendea Nathanaeli ambaye walikwisha kufahamiana. Waombee watu hao watano kwa majina yao kila siku, na katika maombi hayo utaje mahitaji yao halisi, kama vile karo ya muhula, mguu unaouma au mume aliyekwenda kazini Juba na hapigi simu. Ukiona huna la kutaja juu ya mtu fulani, basi hujamfahamu, na kazi yako ya kwanza kwake ni kumfahamu.

Karatasi hiyo ibaki kwenye Biblia yako, asiione mtu. Rafiki akijua kwamba ameorodheshwa kama mteja anayewindwa, urafiki unakufa siku hiyo hiyo, na ana haki ya kukasirika.

Kumbuka pia uko nchi gani. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2014, zaidi ya watu wanane katika kila kumi nchini Uganda walijitaja kuwa Wakristo, na Waislamu walikuwa karibu asilimia 14. Kwa hiyo wengi kati ya watano wako wana jina la ubatizo tayari, na bibi zao waliwafundisha kusali kabla hujawafahamu. Kumwendea mtu wa namna hiyo kana kwamba hajawahi kusikia jina la Yesu ni kumdharau. Muulize alilelewaje, alisali wapi utotoni, na ni nini kilichomfanya aache, kisha unyamaze umsikilize hadi mwisho. Mara nyingi utasikia habari ya jeraha: harusi iliyokataliwa, mchango uliodaiwa wakati hana kitu, kiongozi aliyemwaibisha mbele ya watu. Usimtetee kiongozi huyo. Wala usitumie jeraha hilo kumvuta Mkatoliki awe mlokole au Mwanglikana awe Mpentekoste, kwa sababu kuhamisha kondoo kutoka zizi hadi zizi si kuwaleta kwa Kristo, nami ninasema hivyo nikijua kwamba wapo ndugu zangu wasiokubaliana nami.

Meza yako inasema kabla yako

Sokoni watu hawakusikii kabla ya kukuona. Wanajua unalipa deni lini, unamwitaje mchukuzi aliyedondosha mzigo, na unafanya nini mteja akisahau chenji. Nitaeleza jambo moja dogo. Siku moja nilifungua robota la mashati, na katika yale yaliyoonekana mazuri kabisa lilikuwamo moja jeupe lililopasuka chini ya kwapa, mpasuko wa urefu wa kidole, mahali ambapo mtu haoni mpaka ainue mkono. Mama mmoja alilichagua kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anakwenda kuombea kazi. Nililigeuza nje ndani, nikamwekea kidole pale kwenye mpasuko, nikampunguzia bei na kumwonyesha fundi wa cherehani aliye mwisho wa mstari wetu.

Jirani yangu wa meza ya pili alikuwa akitazama. Yule mama alipoondoka, aliniuliza, “Dada, kwa nini umemwambia? Si angeona mwenyewe huko nyumbani?” Nikamjibu kwamba nilipoanza kumfuata Yesu nilimwomba anisaidie niache kuficha, na kwamba jambo hilo bado linanipa shida siku ambazo biashara ni mbaya. Maneno hayo hayakuchukua hata dakika moja. Akacheka kidogo, akaendelea kukunja suruali zake. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe alirudia habari ile, akataka kujua namna gani mtu anamwomba Mungu jambo dogo kama hilo.

Mtume Petro alipowaagiza Wakristo wawe tayari kumjibu kila mtu, alisema ni mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, na kwamba wajibu kwa upole na kwa hofu. Swali hutangulia jibu. Ikiwa miaka inapita na hakuna anayeuliza lolote, usikimbilie kununua kipaza sauti. Angalia kwanza maisha yako, kama kuna jambo lolote ndani yake linaloweza kumfanya mtu aulize. Siwalaumu wanaohubiri kwenye vituo vya teksi, na wapo waliookoka kwa kuwasikia. Lakini anayepita hawezi kukisimamisha kipaza sauti akakiambia habari za mtoto wake.

Namna ya kusema

Andaa ushuhuda wako ukiwa nyumbani, ili usipotee njiani siku utakapoulizwa. Eleza maisha yako yalikuwaje, ni nini kilichokukutanisha na Kristo, na ni nini kilichobadilika, pamoja na kile ambacho bado hakijabadilika. Jizoeze kuueleza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, wala usiuongezee chumvi. Ondoa maneno ambayo walio nje ya kanisa lako hawayatumii, kama vile upako, kufunguliwa na kuvuka mipaka, na mahali pake uweke mambo yanayoonekana: “Nilikuwa silali kwa hasira niliyokuwa nayo kwa kaka yangu; nilimsamehe; sasa tunakula pamoja.” Mtaje Yesu waziwazi, kwa maana ushuhuda usiomtaja unabaki kuwa habari ya mtu mwema tu, nao hautamfikisha msikilizaji popote. Kisha nyamaza. Rafiki yako akibadilisha mazungumzo, mwache ayabadilishe.

Mimi mwenyewe nilikosea sana katika jambo hili, na kosa hilo linaniuma hadi leo. Mwenzetu mmoja pale sokoni alifiwa na binti yake. Siku aliporudi kazini, nikaenda kwenye meza yake na Biblia, nikamwambia kwamba Mungu ana makusudi yake, nikamsomea, nikamweleza habari za mbinguni muda mrefu, naye akiwa ameshika kamba ya turubai lake bila kuifungua. Kesho yake aligeuza kiti chake, akanywa chai akinipa mgongo, na ikawa hivyo kwa majuma mengi. Nilikuwa sijamuuliza hata jina la mtoto. Mwishowe nilimwendea mikono mitupu, nikamwambia, “Mama, nilikukosea. Nilisema mengi wakati ulihitaji mtu wa kukaa nawe. Naomba unisamehe, na ukipenda, uniambie habari za binti yako.” Aliniambia jina lake, na kwamba alipenda kuimba akisuka nywele za wadogo zake, nasi tukalia pamoja. Ilipita miezi mingi kabla hajaniomba nimwombee, na siku hiyo aliniomba mwenyewe.

Kwa hiyo penye msiba ujifunze kutumia mikono. Hapa kwetu majirani hulala matangani, huleta kuni, na katika Buganda hutoa mchango unaoitwa mabugo. Nenda ukamenye matoke, uchote maji, uoshe masufuria, na ubaki hata baada ya mazishi, siku ile ambayo magari yameondoka na mjane amebaki na mahema yanayofunguliwa. Kuomba pamoja naye ni vema, lakini mwombe ruhusa kwanza, na sala yako iwe fupi.

Mipaka ya kuheshimu

Katika familia nyingi za Uganda, Wakristo na Waislamu ni ndugu wa tumbo moja, na Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 29, inampa kila mmoja uhuru wa kuabudu kwa imani yake. Jirani yako Mwislamu mtembelee siku ya Idd, umpe pole anapougua, na ukimwalika chakula uhakikishe nyama imechinjwa kwa namna anayoweza kuila. Usiidhihaki Kurani wala Mtume wake, na uepuke mabishano ya hadharani, ambayo humfanya kila mmoja atetee heshima yake mbele ya watu badala ya kutafuta kweli. Muulize anavyosali na kwa nini, naye akikuuliza juu ya Yesu, mjibu kwa uaminifu bila kupunguza wala kuficha unachokiamini.

Usiifunge imani na msaada. Jambo hili ni zito zaidi kwa wanaoishi karibu na wakimbizi, kama vile ndugu zetu Wakongomani walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambao wengi wao Kiswahili ndicho lugha yao ya kila siku. Mtu mwenye njaa atakubali chochote unachosema hadi unga uishe. Mpe unga kwa sababu ana njaa, na siku nyingine, akiuliza, umwambie habari za Kristo.

Mtoto wa mtu usimfundishe kwa siri. Ongea na wazazi wake. Na kama anayekuuliza ni mwanamume na wewe ni mwanamke, au kinyume chake, kaeni mahali penye watu, au umshirikishe mwenzi wako, ili pasiwe na neno la kusemwa.

Anapotaka kuja

Filipo hakubishana na Nathanaeli alipouliza kama kitu chema chaweza kutoka Nazareti. Alimwambia tu, “Njoo uone.” Ukifika wakati wa kualika, alika kwanza nyumbani kwako, kwa chakula cha kawaida, usome kifungu kifupi cha Injili pamoja naye na kumuuliza anaona nini. Injili ya Marko inafaa kuanzia, kwa kuwa ni fupi na mambo yake yanakwenda kwa haraka. Akisoma vizuri Kiswahili kuliko Kiganda, mtafutie nakala ya Kiswahili. Asiyejua kusoma, mnaweza kusikiliza pamoja kwenye simu.

Akikubali kuja kanisani, chagua ibada ya lugha anayoielewa, umpitie nyumbani kwake, na njiani umweleze yatakayotokea: lini watu husimama, lini hukaa, kwamba halazimiki kutoa sadaka, na kwamba hatalazimishwa kujitambulisha mbele ya watu. Jambo hili la mwisho zungumza na mchungaji au katekista mapema, kwa maana nimeona mgeni akisimamishwa ghafla, akaona aibu, asirudi tena. Keti karibu naye hata kama wewe ni wa kwaya. Kwaya itaimba bila wewe siku hiyo. Jumatatu, mkiwa kwenye meza zenu, muulize ni jambo gani hakulielewa, na ulijibu hilo kabla ya kumwalika tena. Akisema hatarudi, mmiminie chai yake kama ulivyommiminia siku zote, na jina lake libaki kwenye ile karatasi.