Kutengeneza Wigi la Mwanasesere kwa Mkono, Kuanzia Kofia Hadi Utosi

Wanasesere wanaokusanywa na watu wazima hupata nywele zao kwa namna tofauti. Barbie, aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1959, amepandwa nywele shungi kwa shungi kwenye matundu ya kichwa, kwa hiyo anayetaka kumbadilisha hulazimika kumng'oa nywele zote na kumpandia nyingine. Wanasesere wa American Girl wenye urefu wa sentimita 46, waliotoka mwaka 1986, wengi wao wamebandikwa wigi kwa gundi. Wale wa resini, yaani plastiki ngumu ya kumiminwa, ambao viungo vyao vimeshikiliwa na ugwe wa mpira unaopita ndani ya mwili, na ambao walipata wapenzi wengi baada ya kampuni ya Volks ya Japani kutoa Super Dollfie mwaka 1999, huvalishwa wigi linalovuliwa na kubadilishwa wakati wowote. Mwongozo huu unawahusu hawa wa makundi mawili ya mwisho.

Mimi nimetokea kwenye ususi wa vichwa vya watu, na ninaposhonea wanasesere ninaegemea zaidi nywele za kipilipili, kwa sababu ndizo ninazozijua na ndizo wakusanyaji wengi wenye wanasesere weusi wanazozitafuta wasizipate. Nywele za singa nitazitaja pale zinapohitaji kushughulikiwa kwa namna yake. Kwa aina zote mbili, hata hivyo, kazi inaanzia kwenye kofia, yaani lile ganda linalokaa kichwani na kubeba nywele. Nywele zilizoharibika unaweza kuzikata, kuzichana upya au kuzifumua, lakini kofia iliyopinda haina dawa.

Pima kichwa kwa tepu ya fundi cherehani. Ipitishe kwenye paji la uso pale unapotaka nywele zianzie, juu kidogo ya masikio, kisha chini ya kisogo. Kichwa cha mwanasesere wa sentimita 46 huwa na mzunguko wa takriban sentimita 28, na cha mwanasesere wa resini wa sentimita 60 huwa kati ya 20 na 23. Mawigi ya wanasesere wa resini hutajwa kwa inchi, kwa hiyo mteja akikuandikia kwamba anahitaji 8 hadi 9, anazungumzia mzunguko huo huo. Usiishie hapo. Pima pia kutoka paji la uso hadi kisogoni ukipitia utosini, na kutoka sikio hadi sikio ukipitia utosini, kwa maana vichwa viwili vinaweza kulingana mzunguko na bado kimoja kikawa kimechongoka juu kuliko kingine, na wigi lililoshonwa kwa mzunguko peke yake litapanda kisogoni kila mwanasesere anapoinamishwa.

Kabla gundi haijakaribia kichwa, kifunge. Tumia nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, tabaka mbili, ukiivuta isiwe na makunyanzi, kisha uifunge shingoni kwa rababendi. Wanasesere wa resini huchorwa uso kwa unga wa chaki za rangi unaoshikiliwa na varnishi nyepesi tu, kwa hiyo wawekee kwanza tishu laini usoni, na nailoni ije juu yake. Tabaka mbili hazitoshi ikiwa kitambaa cha kofia ni cha rangi iliyokolea. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitumia kipande cha fulana nyekundu nzito ambayo sikuifua, nikamvalisha mwanasesere wa mteja wigi lililokamilika, na wiki tatu baadaye nikaletewa picha ya paji la uso lenye mstari wa waridi. Plastiki laini hunywa rangi, na rangi iliyokwisha kuingia haitoki kwa sabuni wala kwa spiriti. Tangu siku hiyo kitambaa changu cha kofia ni cheupe au cha rangi ya ngozi, na hufuliwa mara mbili kwa maji moto kabla ya kukatwa.

Kitambaa kinachofaa ni cha fulana ya pamba inayovutika kidogo. Kata mraba unaozidi kichwa kwa sentimita 5 kila upande, uuweke utosini katikati, uvute chini pande zote kwa nguvu inayolingana, na ufunge rababendi kuzunguka kichwa chini ya mstari wa nywele. Makunyanzi yatajikusanya juu ya masikio na kisogoni. Yavute moja moja kwa vidole mpaka yashuke chini ya rababendi, na usiharakishe, kwa sababu kila kunyanzi linaloachwa hapa litakuwa kivimbe kwenye wigi. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, sehemu tatu za gundi kwa moja ya maji, upake kwa brashi pana hadi kitambaa kilowe kabisa. Iache usiku kucha kwenye kivuli. Upake mara ya pili, usubiri tena usiku mmoja. Kuianika juani huonekana kuokoa muda, lakini tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, na ganda huvutika upande mmoja.

Ganda likiwa bado kichwani, chora kwa penseli mstari wa nywele, nafasi za masikio, katikati ya paji, katikati ya kisogo na mahali utosi ulipo. Utosi hauko katikati kabisa ya kichwa. Mtazame mtoto aliyenyolewa karibuni, utaona nywele zinazunguka mahali fulani nyuma ya kilele cha kichwa, na mara nyingi pembeni kidogo. Weka alama yako hapo. Ndipo uvue ganda taratibu ukianzia kisogoni, ulikate milimita 2 nje ya mstari wa penseli, na ulirudishe kichwani kulijaribu. Linapaswa kukaa lenyewe bila kushikwa hata ukimpindua mwanasesere. Likidondoka, tengeneza jingine. Kitambaa na gundi ni rahisi kuliko siku nne za kushona juu ya kitu kibovu.

Sasa nyuzi. Watu wengi huanza na nywele za binadamu wakidhani ndizo zitakazoonekana za kweli, na hukata tamaa bila kujua kosa liko wapi. Kosa liko kwenye vipimo. Unywele wa binadamu una unene wa kati ya maikroni 50 na 100 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na juu ya kichwa kidogo namna hii kila unywele huonekana kama kamba. Mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, ina unene wa takriban maikroni 25 kwa wanambuzi na hufikia karibu 40 kwa mbuzi wakubwa, ndiyo maana tangu karne ya 19 wanasesere wa kauri wa Ujerumani na Ufaransa walivalishwa mawigi ya mohea. Mbuzi hawa wana asili ya Uturuki, lakini leo mohea nyingi duniani hutoka Afrika Kusini, na Lesotho nayo ni mzalishaji mkubwa. Ni nyuzi nzuri kuliko zote kwa nywele za singa na za mawimbi, ila bei yake ni kubwa.

Kwa nywele za kipilipili ninapendekeza uzi wa kufumia sweta, wa akriliki au wa sufu. Huuzwa kila soko, una rangi nyingi, na bunda moja la gramu 100 hunitosha kwa kichwa cha mwanasesere wa sentimita 46. Kama huna uhakika uzi ulionao ni wa aina gani, choma ncha yake juu ya kisahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa kidole, akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ni vizuri kujua mapema, kwa kuwa akriliki huyeyuka vivyo hivyo chini ya pasi ya nywele.

Kata uzi vipande vyenye urefu wa nywele unazotaka, ukiongeza sentimita 3. Fumua kila kipande nyuzi zake zitengane, ukishike ncha moja kwa nguvu, na ukichane kwa brashi ya waya, ile ya kuchania manyoya ya mbwa au paka, ukianzia ncha ya chini na kupanda polepole. Uzi mwingi utapotea kwenye brashi na hilo haliepukiki. Ukichana vizuri, uzi uliokuwa mviringo na mgumu utafunguka kuwa shungi la nywele laini lenye mawimbi madogo. Kwa kipilipili, mawimbi hayo yaache. Kwa singa, yanyooshe kwa pasi ya nywele iliyowekwa kwenye moto wa chini kabisa, kama nyuzi joto 120, baada ya kujaribu kwenye kipande cha kutupwa.

Mashungi yaliyochanwa hufanywa mikanda, kama ile ya wivingi inayoshonwa saluni, ila myembamba zaidi. Yatandaze juu ya karatasi ya kuokea yakiwa yamelala upande mmoja, membamba kiasi cha kuona karatasi chini yake, yafunike ncha za juu kwa ukanda mwingine wa karatasi, na upitishe cherehani mara mbili kwa mishono mifupi ya milimita 1.5, sentimita moja kutoka ukingoni. Chana karatasi uiondoe, paka uzi mwembamba wa gundi juu ya mshono, na ikishakauka punguza ncha za juu zibaki milimita 2. Asiye na cherehani anaweza kushona kwa mkono. Itachukua jioni nzima, na mkanda utakuwa imara vilevile.

Shona mikanda kwenye ganda ukianzia kisogoni na kupanda. Wengine huibandika kwa gundi. Mimi hushona, kwa sindano nene na subana kidoleni, kwa sababu mkanda ulioshonwa unaweza kufumuliwa na kurekebishwa, wakati gundi huacha tuta gumu linaloonekana nywele zikigawanyika. Mistari ya chini iachane milimita 6, na kadiri unavyopanda isogeleane hadi milimita 3. Mkanda wa mwisho wa mbele, ule wa paji la uso, ushone nywele zikielekea usoni, kisha uzipindue nyuma. Mshono utafichika chini yake, na mstari wa nywele utainuka kidogo kama unavyoinuka kwa mtu.

Utosi ndio mahali ambapo jicho la mkusanyaji hutua kwanza. Mikanda ikikaribia alama yako itabaki duara tupu la ukubwa wa sarafu. Endelea na mkanda mmoja mwembamba kwa mzunguko wa konokono hadi kibaki kitundu kinachotosha penseli. Chukua shungi lililochanwa lenye urefu mara mbili ya nywele zako, ulikunje katikati, ufunge uzi imara kwenye mkunjo, na uvute mkunjo huo kwa sindano kupitia kitunduni hadi ndani ya ganda. Ushone hapo ndani, upake gundi, ubandike juu yake kiraka kidogo cha kitambaa. Kwa nje, tandaza shungi hilo pande zote kama mvua inavyoshuka kwenye paa la msonge. Ukitaka njia pembeni au katikati badala ya utosi wa mviringo, weka mikanda miwili mgongo kwa mgongo, uishone kwa pamoja, uifungue kulia na kushoto, na ubonyeze mkunjo kwa kidole kilicholoweshwa.

Kusokota kipilipili hufanyika wigi likiwa limekamilika. Lilowanishe, ugawe nywele vishungi vyembamba visivyozidi unene wa kalamu, na uvizungushe kila kimoja kwenye kijiti cha mshikaki kutoka ncha hadi shinani, ukikibana mwisho kwa uzi. Wigi la akriliki limwagie maji yaliyochemka na kupoa dakika tano, na la sufu ulipitishe tu juu ya mvuke. Acha likauke kabisa, jambo ambalo hapa Pwani wakati wa masika linaweza kuchukua siku mbili. Ukifungua mapema mkunjo hauwezi kushika. Baada ya kufungua, zichambue nywele kwa vidole na usiguse chanuo isipokuwa unataka timtimu.

Rasta, twisti na mistari ya twende kilioni zinahitaji kofia ya aina nyingine, kwa kuwa ganda gumu halipitishi kulabu. Fuma kofia ya kroshia kwa uzi mwembamba wa pamba na kulabu ya milimita 1.5, ukianzia utosini na kuongeza tundu kila mzunguko hadi ifike kipimo chako, kisha uvute kila rasta kupitia tundu na kuifunga kitanzi kama wanavyofanya wasusi wa kroshia. Rasta zenyewe suka kwa uzi usiochanwa, au kwa kanekaloni, yaani nywele za bandia za kusukia, ulizopunguza hadi nyuzi chache, na uchovye ncha zake kwenye maji moto zisifumuke.

Kulishikiza wigi, tumia utepe wa velkro mwembamba katika sehemu mbili, pajini na kisogoni, au kikofia cha silikoni kinachovaliwa chini ya wigi kwa wanasesere wa resini. Usitumie kamwe gundi ya papo hapo, kwani hula rangi na plastiki.

Kukata na kusawazisha ncha kuache mpaka mwisho kabisa, siku moja au mbili baada ya wigi kukaa kichwani, na umvalishe mwanasesere nguo zake kwanza. Nywele zinazoonekana sawa juu ya mabega matupu hupanda zikikutana na kola ya gauni. Kata kidogo kidogo ukiwa umeushika mkasi wima, umgeuze, uutazame upande wa pili kwenye mwanga wa dirisha, kisha ukate tena.