Siku ya kuhama na nyumba ya magurudumu: Mkoani hadi Kigomasha, hatua kwa hatua

Pemba nzima haifiki kilomita 70 kwa urefu. Mwenye gari ndogo hutoka Mkoani, kusini, asubuhi, akaifika ncha ya Kigomasha, kaskazini, akarudi kwake siku hiyo hiyo. Lakini ukiendesha Coaster ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, friji na nguo zenu zote, tenga siku nzima. Mimi na mume wangu tunaishi humu mwaka mzima, hatuna nyumba nyingine, na safari zetu zote tunazipanga kuanzia mwisho kuja mwanzo: kwanza tunaamua saa ya kufika, kisha ndiyo tunajua saa ya kuamka. Gari iwe imekwisha kusimama kabla ya saa kumi jioni. Sababu zake mtaziona kwenye hatua ya sita.

Hatua ya 1: Jueni mwezi ni wa ngapi

Hii hufanywa usiku wa kuamkia safari, na ni lazima kwa anayekwenda kulala karibu na pwani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa, na huku kwetu bamvua hujaa kama saa kumi jioni, kisha tena kabla ya alfajiri. Kati ya maji kujaa na kupwa tofauti hukaribia mita 4. Siku za maji mafu bahari haipandi sana, na mchanga huonekana mpana, mkavu, wa kuvutia kuegesha. Msiuamini. Siku saba zikipita bamvua litakuwa hapo hapo mlipotandika mkeka.

Usiku huo huo pikeni chakula cha kesho. Sisi hukaanga samaki na kununua mkate wa boflo, chai inaingia kwenye chupa alfajiri, na baada ya hapo jiko haliwashwi tena mpaka tufike.

Hatua ya 2: Mmoja wa ndani, mmoja wa nje

Hapa ndipo wanandoa wengi wanapogombana, kwa sababu wote wawili wanafanya kila kitu na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyefunga mtungi. Gaweni kazi moja kwa moja na msibadilishane. Mimi ni wa ndani, mume wangu wa nje. Si habari ya mwanamke na mwanamume; makabati niliyapanga mimi, na yeye tairi anazijua.

Wa ndani aanze na gesi. Funga kwenye mtungi wenyewe, usitosheke na kitufe cha jiko. Masufuria yaingie moja ndani ya jingine na kanga katikati, ama sivyo mtasikia ngoma njia nzima. Chupa za mafuta ya kupikia, asali na sabuni ya maji zisimame pamoja kwenye ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikae chini, si juu ya kabati. Kila mlango wa kabati uwe na komeo. Sumaku pekee haihimili vilima vya Pemba. Dirisha la paa lifungwe. Friji ibaki kwenye betri ya nyumba, ambayo altaneta itaichaji mkiwa njiani, lakini isiunganishwe na betri ya kuwashia gari. Mwisho, dumu la maji ya udhu na chupa ya chai viwekwe karibu na mlango, msije mkapekua nyumba nzima wakati wa adhuhuri.

Wa nje aangalie upepo wa tairi zikiwa bado za baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Akaze nati. Tairi za nyuma za Coaster zimekaa mbili mbili, kwa hiyo achungulie katikati yake: jiwe likikwama hapo linakula tairi zote mbili. Kisha maji ya rejeta, oili, boliti za sola, na vigingi vya turubai. Choo cha ndoo kimwagwe kabla ya kuondoka, kwenye choo cha shimo cha mtu aliyewaruhusu, kamwe si baharini wala vichakani.

Wakimaliza, kila mmoja amtajie mwenzake kwa sauti alichofunga. Mume wangu huuliza, "Mtungi, bibie?" Nami simjibu "tayari." Namjibu, "Nimeufunga kwa mkono wangu, bwana." Wageni hucheka, lakini hatujawahi kunusa gesi njiani.

Hatua ya 3: Maji robo tangi

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 likijaa ni kama kuwapandisha watu wawili wanene ambao hawatulii kwenye kona. Safirini na robo tangi, na mjaze mara ya mwisho Konde, kabla ya kuingia msitu wa Ngezi.

Hatua ya 4: Simameni mapema

Mkishaendesha kilomita moja au mbili, simameni mahali papana. Zungukeni gari. Gusa tairi kama zimepata moto kuliko kawaida, sikiliza ndani nini kinagonga. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 5: Njiani

Mkoani mpaka Chake Chake ni vilima na kona, na nyuma yenu zitakuja daladala zenye haraka. Wapisheni. Chake tieni mafuta, nunueni mboga sokoni, mle boflo lenu. Kama ni Ijumaa, pangeni muwe mmesimama hapo kabla ya sala. Barabara zinazopita misikitini hujaa watu.

Kutoka Chake kwenda kaskazini ziko njia mbili: ya zamani inayokwenda Wete, yenye kupindapinda, na ya mashariki inayopanda hadi Konde. Kwa gari nzito mimi nachagua ya mashariki bila kufikiri, hata kama mume wangu anaipenda ile ya zamani kwa uzuri wake.

Msimu wa karafuu una adabu yake. Watu huanika karafuu kwenye majamvi kando ya barabara, na jamvi moja ni mapato ya nyumba nzima. Usilikanyage kwa tairi, usiegeshe ukalitilia kivuli. Na mtu akikuomba umbebee gunia, kataa kwa upole: karafuu za Zanzibar huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na gari kubwa ya kulala ndani ndiyo ya kwanza kusimamishwa ikaguliwe.

Baada ya Konde mnaingia msitu wa Ngezi. Matawi yanaining'inia njia, kwa hiyo pimeni mapema urefu wa gari kwa futi kamba, kutoka chini mpaka juu ya sola, muandike namba hiyo mbele ya dereva. Penye shaka, mmoja ashuke atembee mbele. Mkitoka msituni, kabla ya kuingia mchangani, punguzeni upepo wa tairi kidogo. Punguzeni kabla ya kukwama. Na muwe na pampu ya kuurudisha.

Hatua ya 6: Kufika

Egesheni kando, msitandike chochote. Mtafuteni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mahali hapo, na mwenye shamba kama ni shamba la mtu. Nendeni wote wawili, na vitambulisho, mkiwa mmevaa kwa heshima. Baada ya alasiri wazee wako barazani, na hiyo ni sababu moja ya kufika mapema. Piga hodi, toa salamu, sema mnakaa siku ngapi. Mke aulizie kina mama wanateka maji wapi, kwa sababu jibu la kisima atalipata kwao na si kwa sheha.

Sababu ya pili ni bahari: wakati wa bamvua, saa kumi maji yatawaonyesha yenyewe yanafika wapi. Siku zisizo za bamvua tafuteni mstari wa mwani mkavu, mkae juu yake kwa mbali. Sababu ya tatu ni mwanga. Tazameni juu. Chini ya mnazi hakuna kivuli cha bure. Nazi moja inavunja sola.

Kusi likivuma, geuzeni mlango uangalie kaskazini. Wakati wa kaskazi, kinyume chake. Anayerudisha gari nyuma akiacha kumwona mwenzake kwenye kioo, asimame pale pale.

Hatua ya 7: Kufungua nyumba

Fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio, subiri kama litatoa mapovu. Likitulia, washa jiko. Mkiomba umeme kwa jirani, mnunulieni kwanza uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, kisha ndiyo mchomeke waya. Turubai, viti na taa za nje viacheni mpaka kesho asubuhi.