Karakana Kwanza, Chuma Baadaye: Kujiandaa Kuunda Gari la Seti Ukiwa Malindi

Gari la seti ni lile ambalo mtengenezaji huuza fremu, bodi na baadhi ya viungo vyake ndani ya makasha, kisha mnunuzi huviunganisha mwenyewe nyumbani, akitia injini, giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) alizozitoa katika gari kuukuu. Lotus Seven, iliyobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, ndiyo iliyoupa ufundi huu umaarufu wake, kwa kuwa wanunuzi wa wakati huo walikwepa kodi ya mauzo kwa kuinunua ikiwa vipande. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuiunda mwaka 1973, na hadi leo watengenezaji wengi wa seti huiga umbo lile lile la gari dogo, la wazi, lenye uzito wa kilo 500 hadi 600 hivi.

Mkazi wa Malindi anayetaka kuunda gari la namna hiyo ana kazi ambayo miongozo ya Uingereza haiitilii mkazo wa kutosha, nayo ni kulinda chuma kisiliwe na chumvi kabla gari halijasimama juu ya magurudumu yake. Kusi na kaskazi zote hufika mjini zikipitia baharini. Sahani ya breki iliyosafishwa vizuri jioni na kuachwa wazi usiku kucha hupatikana asubuhi imevaa utando wa rangi ya chungwa, na ukiipitishia kidole, unga mwekundu hubaki kwenye ncha ya kidole hicho. Kwa hiyo nasisitiza mambo mawili: chumba kiwe tayari kabla kipuri cha kwanza hakijanunuliwa, na vipuri vinunuliwe kwa kufuata kasi ya kuzeeka kwake, kinachodumu kikitangulia na kinachoharibika upesi kikiwa cha mwisho.

Chumba chenyewe

Gari la umbo la Seven lina urefu wa mita 3.3 hivi na upana wa karibu mita 1.6, lakini usipime chumba kwa kipimo hicho, kwa maana utahitaji nafasi ya kulizunguka gari pande zote, meza ya kazi, rafu za bodi na mahali pa kuiweka injini chini. Chumba cha mita 6 kwa mita 4 kinatosha bila kubanana. Ikiwa una hiari ya kuchagua upande wa mlango, uelekeze bara na si baharini.

Nyumba nyingi za Malindi zina banda la gari lililoezekwa kwa makuti. Banda hilo lina kivuli na ubaridi wa kupendeza, lakini halifai hata kidogo kwa kuchomelea wala kukata chuma kwa grinda, kwa sababu cheche huruka mita kadhaa na makuti yaliyokaushwa na jua la kaskazi hushika moto kwa haraka mno. Ama liezue uliezeke kwa mabati, ama fanya kazi zote za cheche mbali nalo, ukisimama mahali ambapo upepo unatoka bandani kuja kwako na si kinyume chake. Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu wa kilo 9 karibu na mlango wa kutokea, pamoja na ndoo ya mchanga, na uwaambie watu wa nyumbani kwamba moto wa petroli haumwagiwi maji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Ndiyo maana sipendekezi kuchimba shimo la kukagulia gari ndani ya karakana ya nyumbani.

Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuushikilia. Zipige lipu na rangi, na hata hivyo usiegemeze chuma ukutani. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta. Vipuri vidogo vikae ndani ya masanduku ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana, na vile vilivyosuguliwa hadi kung'aa vipakwe grisi au mafuta mazito siku hiyo hiyo.

Sakafu ya zege inastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote chumbani, kwa kuwa fremu iliyounganishwa juu ya sakafu yenye mwinamo hupotosha kila kipimo kitakachofuata, kuanzia urefu wa springi hadi mwelekeo wa magurudumu. Hakuna haja ya chombo cha bei kubwa. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kupigia mstari wa msingi, uujaze maji polepole hadi viputo vyote vitoke, kisha mtu mmoja ashike ncha moja penye alama ya kona ya kwanza na mwingine aizungushe ncha ya pili kona moja baada ya nyingine. Subirini maji yatulie kabisa kabla ya kuweka alama. Tofauti ya kila kona iandikwe sakafuni kwa rangi, na chini ya kila stendi ya fremu kiwekwe kipande cha bati cha unene unaofidia tofauti hiyo.

Umeme usiuchukulie kwa wepesi. Mashine ya kuchomelea haifai kuungwa kwenye soketi ya jikoni kwa waya wa kuongezea. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, akuvutie laini yake peke yake, yenye waya mnene, kikata umeme chake na waya wa ardhi (earth) uliopimwa. Kama unatumia mashine ya MIG, yaani ile inayosukuma waya wa kuchomelea wenyewe, yenye gesi, funga mlango na madirisha ya upande wa upepo wakati wa kuchomelea, kwani kusi hupeperusha ile gesi inayokinga kiungo, na kiungo hutoka na vitundu ambavyo havionekani vikishapakwa rangi. Ukimaliza, fungua kila kitu moshi utoke.

Injini ya silinda nne pamoja na giaboksi yake huweza kupita kilo 150. Usiininginize kwenye boriti za mkoko za paa, hata ukiambiwa kwamba nyumba hiyo imesimama miaka mingi. Kodisha winchi ya kukunja ya tani moja, au ufunge cheni bloki kwenye fremu ya chuma inayosimama yenyewe. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu haingii chini ya gari lisiloketi juu ya stendi.

Kuhusu zana, seti nzuri ya spana na soketi za milimita 8 hadi 24, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), jiliwa, drili na mashine ya ribiti zitakufikisha mbali. Fahamu tu kwamba bolti za mikanda ya usalama kwa kawaida huwa na uzi wa inchi 7/16, hivyo huenda soketi za milimita pekee zisitoshe.

Gari la kutolea vipuri

Kila seti huundwa kwa ajili ya aina fulani ya gari la kutolea vipuri. Seti nyingi za Uingereza hutaka vipuri vya Mazda MX-5, gari ambalo hapa Pwani ni nadra kuliona. Kabla ya kulipa chochote, mwulize mtengenezaji kwa maandishi kama fremu yake inapokea injini na difu ya gari unaloweza kulipata Mombasa au Nairobi, lenye injini iliyolala kwa urefu na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota Altezza ni mfano wa kufaa, na Corolla KE70 ya zamani ni nyingine, ingawa injini yake ya 4K ina nguvu ndogo. Kuhusu upande wa usukani, seti za Uingereza hazina tatizo, kwa maana wao pia huendesha kushoto mwa barabara.

Nunua gari zima linalotembea badala ya injini pekee iliyokaa dukani. Liendeshe, sikiliza giaboksi katika kila gia, pima mgandamizo wa kila silinda, kisha ndipo ulifungue. Waya zake zisikatwe: toa fungu zima pamoja na kompyuta ya injini, pampu ya mafuta, pedali ya mafuta na ufunguo wake, kwa sababu injini nyingi za Kijapani za miaka ya karibuni hazikubali kuwaka bila ufunguo zinaoutambua. Kila plagi ipigwe picha ikiwa bado mahali pake na ifungwe kibandiko chenye maandishi kabla haijachomolewa. Oili chafu na maji ya rejeta vikusanywe kwenye madebe. Ardhi yetu ya mchanga na matumbawe hupitisha kila kinachomwagwa, na visima vya majirani haviko mbali.

Kitabu cha usajili cha gari hilo kikaguliwe kupitia eCitizen kabla ya malipo, na namba za chesisi na injini zilinganishwe kwa macho yako mwenyewe. Gari haliendeshwi barabarani kabla ya kusajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa hiyo waandikie mapema, ukieleza unachokusudia kuunda, na uweke majibu yao pamoja na stakabadhi zote za ununuzi. Kwa seti inayoshushwa Kilindini, mwombe wakala wa forodha mwenye leseni akukadirie ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hujaagiza.

Mpangilio wa kununua

Anza na fremu, ukiomba ipakwe rangi ya unga juu ya praima ya zinki. Ifuate mikono ya sasipensheni, kisha injini na difu, kisha bodi. Kabla ya kuagiza springi, uliza sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, itakaa sentimita ngapi kutoka ardhini, kwa kuwa magari haya huwa chini sana na matuta ya barabara zetu hayalihurumii gari la namna hiyo. Bodi ya faiba iliyopasuka safarini isikuvunje moyo. Mafundi wa maboti ya faiba hapa Malindi wanaijua kazi hiyo vizuri sana. Rezini ya kuunganishia faiba nunua siku ya kuitumia, maana joto huifupishia maisha.

Bolti zinahitaji maelezo zaidi. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinavutia mtu wa pwani, na kwa bodi na vifuniko chagua za daraja la A4, ambazo hustahimili chumvi kuliko A2. Sasipensheni, breki na usukani ni jambo jingine: humo tumia bolti ambazo mtengenezaji amezitaja, kwa kawaida zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani na zilizopakwa zinki, kwa kuwa A2-70, bolti ya kawaida ya chuma kisichoshika kutu, ina nguvu ndogo kuliko 8.8. Nati zenye pete ya nailoni hutumika mara moja tu, basi nunua za ziada. Mahali ambapo shiti ya alumini inagusa fremu ya chuma, paka silanti katikati kabla ya kupiga ribiti, kwani metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Makasha yakifika, yafungue yote siku hiyo hiyo mbele ya shahidi, ulinganishe kila kitu na orodha ya mtengenezaji na kupiga picha penye kasoro, kwa kuwa madai yanayochelewa hukataliwa kwa urahisi.

Maji ya breki, betri na matairi yangoje hadi mwisho. Maji ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, hivyo nunua chupa ndogo zilizofungwa, na iliyobaki nusu usiirudishe kwenye mfumo wa breki miezi kadhaa baadaye. Kwenye tairi, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na muuzaji anayekuambia kwamba tairi hiyo ni mpya kwa sababu haijawahi kuvaliwa usinunue kwake.