Kugawa Maji ya Umwagiliaji Katika Makazi ya Pamoja
Kabla ya kupanga zamu, pimeni maji mliyonayo. Wekeni ndoo ya lita 20 chini ya bomba, fungueni hadi mwisho na mhesabu sekunde: ikijaa kwa sekunde 40, bomba hilo linatoa lita 30 kwa dakika. Kwa kuwa milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, bustani ya mita za mraba 60 inayohitaji milimita 5 itatumia lita 300, yaani dakika 10 za bomba lile.

Zamu ndiyo roho ya mpango wote, kwa sababu nyumba zote zikifungua maji kwa pamoja presha hushuka, na walio mwisho wa bomba, hasa wanaoishi kwenye mwinuko, huambulia matone. Gawanyeni nyumba katika makundi, mwagilieni alfajiri kabla jua halijawa kali, na hao wa mwisho waanze. Naona ni haki yao.

Usiku mmoja, fungeni valvu zote za bustani, someni mita ya umwagiliaji, kisha mrudi baada ya saa moja. Namba zikiwa zimesogea, kuna uvujaji: tafuteni udongo uliolowa bila sababu.

Bomba la bustani lisiunganishwe na la maji ya kunywa bila valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, kwani mpira ulioachwa ndani ya ndoo ya mbolea unaweza kuivuta hadi kwenye mabomba ya nyumbani presha inaposhuka.